Kikohozi cha Budongo

...kikohozi kidogo tu, si kile cha kupasua kifua, cha kistaarabu, kama jenereta ya kinyozi asubuhi ikiwa na maji kwenye petroli, khu, halafu nyamaza, halafu khu-khu, na mambo yameisha, hatuendi, Mwalimu ataandika "ndiyo" kwenye daftari lake, Jude, anayeandikisha wageni kule msituni, atasema pole sana, na mimi nitabaki hapa Gurei na heshima yangu yote, kwa sababu vikohozi navijua, kati ya hapa na Lemon Gaba hakuna mtu wa kunishinda kwa vikohozi, miaka kumi na minane natibu jenereta za Juba, napita barabarani nasikia mashine nyuma ya ukuta nasema hiyo kabureta, hiyo plagi, hiyo mwenyewe kauziwa dizeli chafu, na sijawahi kukosea, labda mara moja, na mara hiyo kosa lilikuwa la jenereta... "Baba Valary, si nimekuuliza kitu?" Huyo ni Jerioth, mke wangu, Mwalimu mwenyewe, kalamu imesimama juu ya daftari, miwani imeshuka puani, simu imelala mezani katikati yetu ikitoa shhhh, maana mtandao umemmeza Jude katikati ya maswali yake, lakini swali lenyewe lilikwisha kutoka, tumelisikia wote wawili, Jude amesema kwa ile Swahili yake ya Masindi, "Madam, hii sasa ni muhimu, iko mtu anakohoa? Mtu ya kikohozi hapana ingia kwa sokwe, hata kama ni rais," na shhhh. "Nafikiri," nasema. "Kukohoa kunafikiriwa? Si mtu anakohoa ama hakohoi." "Subiri Jude arudi," nasema, "ajibiwe mwenyewe," na yeye anavuta pumzi kama anavyovuta akisahihisha madaftari ya darasa la tatu, haandiki, anangoja, na kile kikohozi changu cha kistaarabu kiko tayari hapa kooni, kimefungwa kamba, nikitaka nakivuta.

Lakini ona jinsi alivyovaa, Jumapili, tumetoka kanisani saa sita, hakubadilisha gauni, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mabati ya baraza, na miguuni amevaa gambuti, gambuti mpya za kijani, anazizoesha, anasema huwezi kuingia msitu wa mvua na viatu usivyovijua, utapata malengelenge, na jana amepika nazo, juzi amefua nazo, amekwisha kunifundisha jinsi ya kuchomeka suruali ndani ya soksi ili siafu wasipande, mimi, anifundishe mimi siafu, mimi ambaye Gurei yote inajua niliongoza watu msituni miaka minne, mimi niliyekuwa nikiwaambia wageni simameni, na wanasimama, nikinusa hewa nasema sokwe wako upande ule, hatua mia mbili, wamekula tini, na tukifika, kweli, wako, na Sajini amekaa mbele yao ananingoja... Sajini, dume kubwa, kipara, sikio moja limechanika, ambaye siku ya mvua alikata tawi lenye majani akajifunika, akaniona nalowa, akasogea, ndiyo, akasogea kunipa nafasi, na ambaye siku moja kawaja mmoja, mzungu mzee, alipiga chafya meno yake ya bandia yakaruka, Sajini akayaokota, akayavaa, akatutazama akicheka kama mwenyekiti wa kampuni, kesho yake tukayakuta kwenye jiwe yameoshwa... hadithi hiyo nimeisimulia mara ngapi, hata Lemi hapo jirani, mtu wa kabila la Bari kutoka Rejaf, asiyeamini kitu hata akikishika, hiyo ya meno anaiamini, anasema mtu hawezi kutunga jambo la namna hiyo, na mimi nasema, kalas, basi, umesema mwenyewe.

Na sasa hapo ndipo shida ilipo, maana sijawahi kumwona sokwe. Hata mmoja. Hata mgongo. Miaka hamsini na moja ninayo, nimezaliwa pembeni mwa msitu wa Budongo upande wa mashamba ya miwa, sijawahi kumwona sokwe hata kwenye kizimba, na Alhamisi hii tunapanda basi la Nimule, tunavuka Elegu, Gulu, Karuma, Masindi, tunalala, na Jumamosi saa moja asubuhi Mwalimu atasimama kwenye mstari na barakoa yake mdomoni, na huyo Jude, au mzee yeyote wa pale aliyekuwepo, ataniangalia aseme, "Matiya? Wewe si ndiye ulikuwa unafyeka?" Ndiyo. Nilikuwa nafyeka. Miezi mitatu, panga mkononi, kikundi cha watu sita, tunafungua njia ili waongozaji wapite, maana kuongoza kwenyewe nilikwenda kujaribu wakaniwekea karatasi ya mtihani, majina ya miti kwa Kiingereza, na mimi shule niliiacha darasa la sita, miti yote naijua kwa jina lake la nyumbani, nikaandika jina langu vizuri kabisa juu, na chini nikaacha weupe... panga hawakuniulizia mtihani. Na panga ndilo lililoniharibia, kwa sababu sokwe hawangoji kelele, unafyeka huku unawasikia kule, huu-huu-huu inapanda inapanda mpaka inakuwa ukelele, halafu wanapiga mizizi mikubwa ya miti kwa miguu, du-dum, du-dum, kifua chako kinaitikia, unakimbia na panga lako, unafika, hakuna mtu. Tini imeng'atwa nusu, bado ina mate. Kitanda cha majani juu mtini, kimelaliwa. Siku moja nilikuta tawi linabembea, linabembea peke yake, hakuna upepo, nililitazama mpaka lilipotulia, na huyo aliyeliacha, ndiye huyo niliyekuja kumwita Sajini, sikio la kuchanika nilimpa baadaye hapa Juba.

"Maji ya tangawizi yanapoa," anasema Jerioth, hanitazami, anasukuma kikombe kwa kidole. "Nitakunywa." "Kunywa sasa." Wiki mbili hizi nyumba yangu imekuwa hospitali, kila asubuhi tangawizi na asali na limau, kila jioni tena, maji ya friji amenikataza, feni amenikataza, nikitengeneza mashine ya mtu penye moshi ananifunga kitambaa usoni mbele ya wateja, Emilio wa duka la vipuri akaniuliza kama nimejifungua juzi, nikamwambia mke akikupenda ndivyo anavyokufanyia, wewe huwezi kujua... na ninakunywa, ni kali, na koo langu ni safi kama bomba jipya, ndiyo maana kikohozi itabidi nikitoe kwa ustadi, asisikie kwamba ni cha kughushi, masikio anayo, huyu mwanamke, mtoto akinong'ona nyuma ya darasa anamtaja jina bila kugeuka. Khu. Hapana, hicho nimekifanya kichwani tu. Nikikohoa sasa, nini kitatokea, tuseme, ataandika, Jude atasema tarehe nyingine, tarehe nyingine ni lini, shule inafungua Jumatatu ile inayofuata, likizo ya mbele ni Desemba, na Desemba Valary binti yetu anatoka bweni Eldoret na kuna mambo ya Krismasi, na magoti yake Mwalimu, alishasema, alisema jikoni huku anakuna nazi, "Baba Valary, nataka kuwaona hao sokwe wako kabla magoti hayajanistaafisha," akacheka, na magoti yake nayajua, nasikia yanavyolia akiinuka kanisani, hiyo si kabureta, hiyo haina kipuri.

Alikuwa na magoti ya kukimbia nilipomwona mara ya kwanza. Jenereta ya shule yao ilikuwa imezima, wakaniita, nikakuta mwalimu mmoja Mkenya, mwembamba, amesimama juu ya mashine na bisibisi, anataka kuitengeneza mwenyewe, nikamwambia dada, shuka, utaungua, akasema, "Na wewe umetoka wapi na amri zako?" nami badala ya kusema Masindi, kama mtu mwenye akili, nikasema msituni, nimekaa na sokwe. Akaweka bisibisi chini. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, alipoweka bisibisi chini, angesema mwongo wewe ningecheka yakaisha, lakini akakaa kwenye ndoo, akasema, "Endelea." Nani katika maisha yangu alikuwa amewahi kuniambia endelea? Mwalimu wangu wa darasa la sita aliniambia kaa chini. Kwa hiyo nikaendelea, nikampa Sajini, nikampa mvua na tawi, siku ya pili nikarudi bila kuitwa nikampa meno ya kawaja, na mashine yao ilichukua siku tisa kupona, mashine ya kazi ya saa moja, na siku ya tisa akaniambia, "Fundi, sasa itengeneze, nitaendelea kukusikiliza hata taa zikiwaka"... na amenisikiliza, haki ya Mungu amenisikiliza, wageni wakija ananiambia waeleze ile ya meno, nikisahau ananikumbusha, juzi tu mbele ya Lemi nilisema sikio la kulia lililochanika, yeye akiwa anachambua mboga, hakuinua kichwa, "La kushoto, Baba Valary," akasema, "la kulia ndilo zima," na mimi nikasema ndiyo, la kushoto, nilikuwa nimemtazama kwa mbele, na Lemi akaitikia kwa kichwa.

Shhhh, simu, "...dam... hallo... mimi iko..." na amepotea tena. "Si huyo Jude apande mti atafute mtandao," anasema Jerioth, "sokwe wampishe," na anacheka peke yake, meno yake na ule mwanya mbele, anapiga gambuti moja kwa nyingine, pa pa, kama msichana anayengoja gari la kwenda kwao, na mimi namwangalia nasema moyoni Matiya, mwanamke huyu ana furaha ya gambuti, na wewe unataka kumkoholea. Lakini pia nasema Matiya, akijua. Akisimama pale, akasikia wewe si kitu, ulikuwa mfyekaji, na hata hao uliowafyekea hukuwaona, basi miaka kumi na sita alilala na nani, alimcheka nani, kila kitu alichokuwa akikipenda kilikuwa kwenye mdomo wangu, uso wangu huu haungemshusha mtu juu ya jenereta... na ile siku ya mwisho, ile sijamwambia mtu yeyote, mzee Isaiah, mkubwa wa wafuatiliaji wa sokwe, aliniita jioni akasema, "Kijana, miezi mitatu unatufungulia njia na hujawaona, hiyo si haki, kesho acha panga, utatembea nyuma yangu," nikafua shati, usiku mvua ikapiga, nyumba ya mama ilikuwa inavuja, nikaamka kifua kimejaa, nikameza mate njia nzima, nikasimama kwenye mstari na wageni, nyuma ya Isaiah kabisa, kule ndani wameanza huu-huu-huu, karibu, karibu mno, hatua mia, na kikohozi kikatoka. Kimoja. Kirefu. Isaiah akageuka, akaniwekea kiganja hapa kifuani, hakunigombeza, laiti angenigombeza, akasema, "Matiya, hapana. Mafua yetu yanawaua." Nikarudi nyumbani na shati langu safi. Mama akaniuliza, umewaona? Nikasema nimewaona. Walikuwa wangapi? Kumi na wanne, nikasema, na mkubwa wao alinitazama. Mama akanipakulia chakula, akasema, "Alikutazama vipi?" Hiyo ndiyo hadithi yangu ya kwanza, na kazi kesho yake ilikuwa imekwisha.

Sasa nikikohoa kusudi, nacheka, kwa kweli nacheka kidogo, kikohozi kile kile kilichonizuia ndicho ninachokiita kinisaidie, kama kumwita mwizi alinde duka... "Unacheka nini?" "Hakuna." "Umekunywa?" "Nakunywa." Amegeuza daftari kidogo apate kuegemea mkono, na mwandiko wake uko mbele yangu juu chini, mwandiko wa ubao, kila neno limesimama wima, na mimi kusoma juu chini ndiyo kusoma kwangu hasa, nusu ya maisha yangu nimelala chini ya mashine nikisoma maandishi yaliyonipa kisogo, mtu wa chuo kikuu hawezi, kwa hiyo nasoma tu, bila kusudi, kama mtu anavyosoma kibandiko, Majina, Jerioth na Matiya, Umri, wangu ameandika sawasawa wake amepunguza miwili, Homa ya manjano, kadi zipo, na swali linalofuata, lile Jude aliloliuliza asubuhi kabla ya kanisa, mimi nikiwa naoga, sikulisikia, Waliowahi kuona sokwe porini: hakuna. Mara ya kwanza: wawili.

Wawili. Amepiga na mstari chini kwa rula. Nasoma tena, labda juu chini kumenidanganya, nainamisha kichwa, hakuna, wawili, si mmoja, Mwalimu hakosei hesabu, na wino si wa mtu aliyesita, ni wino wa mtu anayeandika tarehe... tangu lini? Na kabla sijamaliza kujiuliza najua, Masindi, mwaka tulipompeleka Valary kubatizwa, mama na yeye jikoni kwenye moshi, wanamenya matoke, wanazungumza chini chini, halafu kicheko, si cha kudharau, kile cha wanawake wawili wanaoshika kitu kimoja kutoka pande mbili, na alipotoka nje, mtoto mgongoni, mikono ina utomvu, aliniangalia kwa muda, nikadhani nina kitu usoni, nikajipangusa, na jioni ile mbele ya ndugu zangu wote akasema, "Baba Valary, si utuambie ile ya mvua." Miaka kumi na minne. Miaka kumi na minne anajua, na anaulizia ile ya mvua, na analinda sikio la kushoto, anamtunza sokwe wangu kama anavyotunza rejista, asipotee hata mmoja, na tangawizi... ee, tangawizi, asali, limau, maji ya friji marufuku, kitambaa usoni mbele ya Emilio, wiki mbili, nami najigamba napendwa kumbe sijajua hata robo, hakuwa ananitibu, alikuwa analilinda hilo koo, mama alimwambia na hilo, mama alisikia kifua changu usiku kucha chini ya lile paa linalovuja akajua kesho sitafika, akamwambia mkwewe, na mkwewe ameliweka, ameliweka, mpaka magoti yamekaribia kukataa, ndipo amenunua gambuti. Sokwe wako, alisema akikuna nazi. Hakuwa anataka kuonyeshwa, alitaka mimi niwaone.

Na mimi nimekaa hapa na kikohozi kwenye kamba. Kiache kiende, nasema, kifungue, sikitaki, na ninakifungua kweli, nakisikia kinakwenda zake, na koo langu jeupe, tupu, kama njia iliyofyekwa, nami ningemwambia kitu sasa hivi, ningesema Jerioth, lakini nikianza nitaanza na uongo, najijua, mdomo huu una njia yake, na kwa mara ya kwanza sitaki kumpa hadithi, nataka kukaa nyuma ya mtu kwenye mstari, kimya, mita nane mbali kama wanavyotaka, barakoa usoni, na nione mgongo. Mgongo tu unatosha. Akigeuka, na masikio yake yakawa mazima yote mawili, sitasema kitu. Halafu nikahisi harufu. Hapana. Ng'ambo ya ua, kwa Lemi, mkewe Gune ametia shata, ile pilipili kali ya kusaga, kwenye mafuta ya moto, nasikia chaaa, na moshi umepanda juu ya makuti ya ua, mwekundu, nakuapia ulikuwa mwekundu, umekuja mpaka barazani kwangu ukanitafuta kwa jina, ukaingia, na kooni kitu kimeamka, si kile cha kughushi, huyu ni mwenyewe, mnyama, anapanda kwa kucha, machozi yamenijaa, nashika ukingo wa meza, "...llo, hallo, madam, mtandao ya huku ni ya kubembeleza," ni Jude, amerudi, safi, kama yuko chini ya kiti, "nilikuwa nauliza ile ya kikohozi, iko mtu anakohoa?" Jerioth ananitazama juu ya miwani. "Baba Valary. Unakohoa ama hukohoi?" Natikisa kichwa. Hapana. Natikisa tena, sikohoi, sijawahi kukohoa, familia yetu haina kikohozi, yote hayo nayasema kwa kichwa, maana mdomo nimeufunga kama tangi, na uso nadhani umekuwa rangi ya matofali, na Lemi naye, katika saa zote amechagua hii, ametoa kichwa juu ya ua na mwiko mkononi, "Ya Matiya! Ukifika umsalimie Sajini! Mwambie Lemi wa Gurei anamsalimia, na meno asirudishe!" na Gurei yote inajua kwamba mimi neno kama hilo silipitishi bila kulijibu mara tatu, Lemi anangoja, kichwa kiko juu ya ua, Jude anangoja, "Hallo? Iko ama hapana?" na mimi machozi yananishuka mpaka kwenye ndevu na sifungui mdomo, sifungui, na Jerioth, macho yako kwenye daftari, anasogeza kikombe cha tangawizi kwa kidole mpaka kinagusa mkono wangu, halafu anasema kwa ile sauti yake ya darasani, inayofika mpaka ng'ambo ya ua na mpaka kwa Jude kule Budongo, "Atamsalimia, Lemi. Sikio la kushoto."